Mume Wangu Alilia Msiba Usiokuwepo, Nami Sikufumbua Macho

Admin, nifichie jina, maana huku Kabambare tunajuana hadi kikohozi. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, nina binti mmoja, Neema. Mume wangu anachimba dhahabu Lusangi na huja nyumbani kila baada ya miezi miwili.

Mwaka huu nilikwenda Kasongo kwa mafungo ya siku nne. Masista walitufundisha sala ya kimya: unachagua neno moja takatifu, unakaa dakika ishirini, akili ikitoroka unairudisha polepole kwenye lile neno. Nililia kwa furaha. Niliporudi nikaamua kuianzisha katika shirika letu, yaani jumuiya ya Wakristo wa mtaa wetu, na hapo ndipo nilipowajua majirani zangu. Watu hawa wanaamini Mungu ni kiziwi. Bila ngoma na makelele, kwao hiyo si sala. Siku ya kwanza walikuja tisa. Mmoja alikoroma, mwingine alileta ungo wa maharage achambue ili asipoteze muda, na Mama Feza, kiongozi wa kwaya, alinichungulia kwa jicho moja dakika zote ishirini. Kisha akatangaza sokoni kwamba mimi mwenyewe sitamaliza mwezi. Nikaweka sheria: kengele niliyotega kwenye simu yangu isipolia dakika ishirini zikiisha, hakuna kufumbua macho wala kufungua mdomo, hata nyumba iungue.

Kwaresima ilipofika tukawa tunakaa kila siku saa kumi jioni, kwenye mikeka uani kwangu. Sasa kwetu, wamama wakikaa kwenye mikeka mchana, hawaongei, na ukiwasalimia hawaitikii, maana yake ni moja tu: kuna kilio, mtu amekufa. Mwendesha pikipiki mmoja alipita akatusalimia, tukamnyamazia. Akaendelea na safari yake hadi Lusangi, akamwambia mume wangu kwamba kwake kuna kilio. Mtandao wa kule ni wa kubahatisha, hakuweza kunipigia. Alikodi pikipiki, akalala njiani, akafika kesho yake saa kumi na dakika kidogo. Akakuta kila kitu kama alivyoambiwa.

"Nani amekufa?" aliuliza. "Munijibu. Ni Neema?"

Hakuna aliyejibu. Kondoo wangu, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, walitii. Nilisikia begi likianguka chini, kisha nikamsikia akilia. Mwanaume anayevunja mawe shimoni alilia kama mtoto, akimwita binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa kisimani tu na bidoni zake za maji.

Ndugu zangu, sikuwa katika sala. Niliijua sauti yake tangu neno la kwanza. Neno langu takatifu lilikuwa limeshakimbia, kichwani mwangu alibaki Mama Feza. Nilijua ananichungulia. Nikasema moyoni, nikifumbua macho, ameshinda. Nikamwacha mume wangu alie mpaka simu ilipolia.

Aliponiona nainuka alinisogelea. "Weye ulikuwa unanisikia?" Nikamwambia sikusikia kitu, nilikuwa nimezama kwa Mungu. Hakuniamini. Alimsubiri Neema arudi na maji, akamkumbatia, akaondoka bila hata kula.

Jumapili katekista alinitoa kuwa mfano kanisani: mama aliyezama katika sala hadi kilio cha mumewe hakikumfikia. Sasa shirika limejaa, tumepita ishirini, na Mama Feza mwenyewe ananiita mama wa kiroho. Wajinga wote. Nawadharau, ila walau yule aliyekoroma alikoroma kweli. Mimi ndiye niliyeigiza, na najichukia kuliko ninavyowacheka wao.

Mume wangu ametuma ujumbe kupitia yule yule mwendesha pikipiki: "Aseme mbele ya wale watu kama alinisikia. Akikataa, Pasaka ikipita nitakuja kuchukua mutoto, na pale miye sitarudia tena." Nikisema, sala niliyoipenda itakufa mtaani kwetu, na Mama Feza ataniimba hadi Krismasi. Nikinyamaza, Neema anaondoka baada ya Pasaka, naye mwenyewe ameanza kuniuliza kama siku ile nilimsikia baba yake. Kila akiniuliza namtuma kisimani.

Kesho saa kumi watakuja tena, watakaa na kufumba macho kwa utulivu, wakiamini wanamfuata mtakatifu. Nishaurini bila kunihurumia: niwaambie, au nimwache mwanangu aende?