Chumba cha Makambako

Donat Ngoie, fundi wa reli aliyestaafu, mkazi wa komini, yaani mtaa, uitwao Kenya mjini Lubumbashi, Kongo, hakuwahi kuvuka mpaka hadi mwaka ule mwanawe Guelor alipopotea. Guelor alikuwa dereva wa kamyo, akipeleka shaba Dar es Salaam. Safari moja simu yake ikazimika. Gari likarudi na dereva mwingine, na wenye gari wakasema hawajui zaidi.

Virginie ndiye aliyemfungia mumewe nguo. "Baba Guelor, ulale kwa mapadri," alimwambia. "Kule iko usafi. Usilale kwenye bashofere banalala."

Donat aliitikia. Lakini alipofika Kapiri Mposhi, nchini Zambia, aliliona lango la parokia akalipita. Kwa mapadri angepata shuka safi, ila nani pale angemjua Guelor? Akalala nyuma ya maegesho ya malori, kwenye vyumba vya mbao vyenye kunguni. Mpika akafanya hivyo hivyo, na Nakonde pia. Kila mji alichagua pale pachafu karibu na magari, na kukicha akapita na picha mkononi. "Huyu iko mutoto wangu. Munamujua?" Madereva walitikisa kichwa, wengine walimnunulia chai. Virginie akipiga simu, alimwambia yuko misheni.

Alipovuka kuingia Tunduma, upande wa Tanzania, alimkuta dereva wa kwao aitwaye Mapalo. Huyo aliishika picha akaisogeza kwenye mwanga.

"Papa, alikuwa mugonjwa sana," alisema. "Balimuacha Makambako, mu gesti ya mama Tusekile."

Donat akapanda basi la Makambako. Tusekile, mwenye gesti, alipoiona picha alivuta kiti akaketi.

"Pole, mzee wangu. Madereva wenzake waliniletea ana homa kali, wakaondoka na gari lake. Kulipokucha nikamtafutia bajaji ya hospitali. Alikata roho njiani."

"Na simu yake?"

"Hakuwa nayo. Hakuwa na karatasi yoyote. Polisi waliwangoja ndugu, mwisho halmashauri ikamzika."

Akampeleka makaburini, nje ya mji. Lilikuwa tuta la udongo lililokwisha kuota majani, halina msalaba. Donat aling'oa majani yale kwa mikono mpaka Tusekile akamshika bega.

Waliporudi alipewa chumba cha mbele, chenye neti na meza. Akakikataa.

"Nipe kile alilala mutoto."

"Mzee, kile si cha mtu wa heshima yako."

"Mama, nipe kile."

Kilikuwa uani, kimepakana na choo, hakina dirisha, kuta zimelowa hadi usawa wa kitanda. Donat alikaa na viatu miguuni. Alitaka kulia, kilio hakikuja.

Kulipokucha alipiga simu nyumbani kuwapa habari ya msiba. Aliporudi Lubumbashi alikuta ndugu wamekwisha kukusanyika, wamelala chini kwenye mikeka. Walipotawanyika, Virginie alimsogelea.

"Alilala wapi, mutoto yangu?"

"Mu chumba kizuri. Ile mama alimutunza."

"Kilikuwa na dirisha?"

"Ndiyo."

"Linaangalia wapi?"

"Ku barabara," alisema Donat. "Aliona magari yakipita."

Mkewe akaitikia kwa kichwa, akajifunika kitenge usoni.