Debe la Majivu

Harufu ya makande yanayoanza kushika chini ya sufuria ndiyo kengele ninayoikumbuka kuliko kengele yenyewe. Kengele ya shule yetu, kijijini upande wa Handeni, ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti, na mwanafunzi wa zamu aliweza kusahau kuigonga. Makande hayakusahau. Mwalimu angali anaandika ubaoni, moshi wa kuni uliingia dirishani, ukafuatwa na harufu ya maharage, halafu ule ukoko, na darasa zima likaanza kuburuza miguu chini ya madawati. Mdogo wangu Athumani, aliyekuwa darasa la kwanza, alichagua kukaa karibu na mlango kwa sababu hiyo hiyo. Bibi alimtania kwamba yeye anasoma kwa pua, macho yatafuata baadaye.

Bibi yetu, Bi Mwanahamisi, ndiye aliyetulea sisi wawili. Desturi ya shule ilikuwa kila nyumba kutoa debe la mahindi na maharage kidogo baada ya mavuno, na asiyevuna alileta kuni. Mwaka ule mvua za vuli zilitupita kama hazitujui, shamba la Bibi likatoa mabua matupu. Basi akawa mtu wa kuni. Alizitoa porini, akazifunga kwa kamba ya katani, akazibeba kichwani hadi nyuma ya jiko la shule, na hakukubali kuchanganya mbichi na kavu. Mama Mwantumu, mpishi wetu, alikuwa akisema kwamba siku akipikia kuni za Bi Mwanahamisi hatoi chozi hata moja. Hakuna aliyetuona maskini, maana upawa uliotupakulia sisi ndio uliowapakulia wenye ghala. Nyumbani jioni tulikula ugali wa muhogo na mboga ya mchunga, siku nyingine uji wa chumvi tukalala. Chakula cha uhakika kilikuwa kile cha mchana, na wote watatu tulijua hivyo ingawa hatukusema.

Ilipokuja corona, redio ikatangaza kwamba shule zote zifungwe. Watoto ni watoto, tulishangilia. Tulikimbia nyumbani tukiwa tumevua viatu ili visitucheleweshe, mimi wa darasa la saba nikiwa mbele, eti mkubwa. Bibi alikuwa anapepeta uwanjani. Alitusikiliza hadi mwisho, akaweka ungo chini, akauliza neno moja tu: "Na makande je?" Hapo ndipo furaha iliponiishia.

Siku chache baadaye mwalimu mkuu aliwaita wazazi. Walikaa mbali mbali uwanjani kama walivyoagizwa, na mimi nilikwenda kumbebea Bibi kigoda. Stoo ilikuwa na mahindi ya kutosha kufika karibu na mavuno, na swali lilikuwa yafanyweje. Aliyesimama kwanza alikuwa Mzee Mhina, mwenye shamba bondeni na redio kubwa kuliko zote kitongojini kwetu. Alisema shule imefungwa, mapishi yamekwisha, kila mtu achukue debe lake akalishe watoto wake. Vichwa vingi vikaitikia. Bibi akasema taratibu kwamba yeye alileta kuni. Mzee Mhina hakuwa mtu mbaya, alijibu kwa adabu, na labda ndiyo sababu iliniuma zaidi. "Bi Mwanahamisi, kuni zimeshaungua. Tutakurudishia nini? Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi." Bibi akatazama vidole vyake vya miguu. Nilimchukia yule mzee kwa moyo wangu wote. Nilimfikiria Athumani, aliyekuwa ameanza kuunganisha silabi juzi tu, nikajua kwamba kwa uji wa chumvi peke yake hatafika mavuno akiwa na nguvu ya kushika hata kitabu. Njaa mwana malegeza, na mimi nilikuwa nimeshaiona ikimlegeza.

Sasa, Mama Mwantumu alikuwa mdogo wa mke wa Mzee Mhina. Yaani shemeji yake, na kwetu shemeji ni mtani, anaweza kukuvua kofia mbele za watu na ukikasirika unachekwa wewe. Aliinuka, akaenda jikoni bila kuaga. Mwalimu mkuu alikuwa ameanza kusema habari za zamu ya kupima mahindi aliporudi Mama Mwantumu, amekumbatia debe, uso umejaa vumbi jeupe. Alilitua mbele ya Mzee Mhina. Lilikuwa limejaa majivu hadi pomoni.

"Shemeji," alisema, "hili ndilo fungu la Bi Mwanahamisi. Limelala jikoni linakungoja. Wewe unataka debe lako kama ulivyolileta?"

"Ndiyo, shemeji."

"Haya, chukua. Lakini mjukuu wako Zubeda amekula makande tangu shule ifunguliwe, na sijamwona akitafuna mahindi makavu kama mbuzi. Kuna moto ulioyaivisha. Basi nawe mrudishie mwenzako kuni zake kama alivyozileta, kavu, na kamba yake ya katani. Majivu haya hapa, anza kuyaunganisha."

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikazunguka uwanja mzima. Mzee Mhina alilitazama lile debe, akamtazama shemeji yake, akajaribu kununa ikamshinda. Alicheka mpaka akakohoa, watu wakasogea nyuma kwa hofu ya ugonjwa, na hilo nalo likachekesha. Mwishowe alifuta macho kwa kofia yake. "Umenimaliza, shemeji. Mahindi yabaki. Tena pikia kwangu, na redio ninayo, watoto wasikilize masomo yanayotangazwa." Bibi hakucheka. Alinishika mkono akaubana, na mpaka leo nikiwa na furaha kubwa kiganja changu hukumbuka ule mbano.

Hivyo ndivyo shule yetu ilivyohamia barazani kwa Mzee Mhina. Vitongoji vingine navyo vilipewa mafungu yao, kila kimoja penye redio. Kila mtoto alikuja na bakuli lake na jiwe lake la kukalia, mawe yakapangwa mbali mbali, na Mama Mwantumu akapika uani kwa kuni za Bibi. Mwalimu wa redio aliposema "Hamjambo watoto," Mzee Mhina alitulazimisha tusimame tuitikie shikamoo, na asiyesimama alichelewa kupakuliwa. Mwalimu wetu wa hesabu alipita kwa baiskeli akiwa amefunika mdomo, akatuachia maswali kwenye karatasi ya manila, tukayabandika ukutani kwa uji mzito. Mbuzi waliyala mara moja, maswali na uji, tukasherehekea mapema mno, maana kesho yake alileta mengine magumu zaidi.

Betri zilipochoka tulizianika juu ya bati pamoja na muhogo, zikapata nguvu kidogo. Siku moja ya mawingu, mimi na Zubeda tuliona jua linatuchelewesha, tukazifukia kwenye majivu ya moto. Zilivimba, zikatoa maji meusi, na kipindi cha sayansi kikatupita. Tulingoja kuchapwa. Mzee Mhina alizigeuza kwa kijiti, akapiga kelele, "Majivu tena! Mwaka huu majivu yana nini na mimi?" Akaagiza nyingine Handeni mjini. Athumani alisoma sentensi yake ya kwanza pale barazani, kwenye ubavu wa boksi la sabuni, na shavu moja limejaa makande. Shule zilipofunguliwa na mahindi mapya kukauka mashambani, alikuwa ameota shavu la pili pia. Mimi nilifaulu, nikaenda sekondari.

Sasa nasomea ualimu Korogwe. Nimepanga chumba mtaa wa Korogwe ya zamani, si mbali na mto, na mvua zikizidi na shule zikasimama, masomo huwafikia watoto kwa simu ya mzazi. Mtoto wa mwenye nyumba wangu huletewa maswali kwenye kioo, akayajibu peke yake kitandani, vizuri kabisa. Picha zinaonekana, sauti haikwaruzi. Ila namwonea huruma, maana somo lake halina harufu.

Mwaka huu nilipelekwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja upande wa Magoma. Wanapikia gesi. Mpishi hana macho mekundu wala kikohozi, na nikikumbuka kifua cha Mama Mwantumu siwezi kutamani moshi urudi. Lakini katika kikao cha wazazi cha kuchangia chakula alikuja bibi mmoja na mzigo wa kuni kichwani, kavu tupu, umefungwa kwa kamba ya katani. Mjukuu wake namfundisha mimi. Aliambiwa kwa upole kwamba kuni hazihitajiki siku hizi, alete mahindi. Akabaki amesimama na mzigo wake, hajui autue wapi. Baba mmoja nyuma akasema, bila ubaya, kwamba mkono mtupu haulambwi, na vichwa vikaitikia.

Bibi yangu ni marehemu sasa, lakini kiganja changu kilibanwa kama siku ile. Nilitoka mbio hadi jikoni, nikachukua debe tupu, nikainama chini ya jiko kutafuta majivu. Hapakuwa na majivu. Gesi haiachi kitu cha kumwonyesha mtu.

Nilirudi na debe langu tupu. Nilimtua yule bibi mzigo wake, nikauweka mbele ya wazazi wote, nikawaamkia: "Shikamooni. Naomba tusiamue kwanza. Mimi nimesomeshwa na kuni kama hizi."