Motokaa Iliyotoka Kinyumenyume

Mume wangu alikuwa amependa motokaa ya watu. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia mashoga zangu wa Bondeni, wakacheka, nami nikacheka nao nisije nikaonekana nina wivu. Motokaa yenyewe ilikuwa ya tajiri mmoja wa Mji wa Kale aliyekuwa amefariki, na haikunikosesha usingizi hata kidogo. Aliyenikosesha usingizi ni mjane aliyeirithi.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Mume wangu alikuwa fundi wa magari, ana kibanda chake cha kazi nyuma ya msikiti, na tangu kabla hatujaoana ndiye aliyekuwa akiitazama motokaa ile. Ilikuwa nyeusi, ya Kiingereza, ya kabla ya vita, na taa zake za mbele zilikuwa kubwa, za shaba. Injini ilikuwa imekufa zamani na tairi zimeoza. Ilikuwa imewekwa tu katika ghala la chini ya nyumba, na bado kila Ijumaa baada ya sala alikwenda kuipangusa vumbi na kuzisugua zile taa kwa limau na majivu. Nyumbani kwangu bawaba ya mlango wa jikoni ilikatika Ramadhani, na ikafika Mfungo Sita, watu wanasoma maulidi, nami ningali nauinua mlango kwa goti. Kila nikisema, jibu lilikuwa kesho.

Tajiri alipokufa, mjane akakaa eda, na maneno yakawa yanaletwa na kijakazi wake: fundi aje aangalie hiki, fundi aje aangalie kile. Eda ilipokwisha, maneno yakawa yanatoka kwake mwenyewe, nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu. Alimwita "fundi wangu". Mume wangu alilileta neno hilo nyumbani kwa mdomo wake, bila kujua amebeba nini. Kisha ikawa akirudi, shati lake lanukia udi. Nikimuuliza anasema nyumba ile wanafukiza tangu asubuhi. Nyumba gani inafukizwa tangu asubuhi? Nilililoweka lile shati kwa sabuni ya mche, nikalipiga jiweni mpaka kifungo kikatoka.

Niseme wazi nilichokuwa nikikiogopa. Niliogopa atamuoa. Kwetu hilo halikuwa jambo la ajabu, wala hapangekuwa na mtu wa kumlaumu: mwanamume mwenye kazi na afya yake, mjane ambaye bado hajazeeka na amepewa na nduguye nyumba Kizingo penye miti na kivuli, na mimi huku na mlango wangu wa goti. Hesabu ya namna hiyo hata mtoto wa chuo cha Kurani aliiweza.

Basi mjane akawa anahamia Kizingo, na motokaa lazima aende nayo. Kuiburuta kwa kamba haikuwezekana, tairi zisingefika hata Ngomeni. Mume wangu akasema ataibeba kwa trela lake, nyuma ya pikapu yake. Trela lile alilitengeneza mwenyewe, dogo, la magurudumu mawili, na lilikuwa fahari yake. Alikuwa akinihubiria habari zake wakati wa chakula. Alichukua mwiko wangu akaulaza juu ya kidole kimoja, akaweka kipande cha muhogo upande wa nyuma, mwiko ukaanguka. Kisha akakiweka upande wa mbele kidogo, ukatulia. "Uzito ukae mbele ya ekseli," akasema. "Kidogo uilemee kulabu ya gari, lakini usizidi. Ukikaa nyuma, trela litaivuta pikapu litakavyo." Nilimwambia muhogo unapoa. Lakini nililisikia, na sikulisahau.

Asubuhi ya kuhamisha nilivaa buibui langu nikapanda mbele kwenye pikapu kabla hajaniambia lolote. "Waenda wapi?" akaniuliza. "Nakwenda kuiona Kizingo," nikasema. Makuli wawili aliowakodi walikuwa wamekaa nyuma, wakatazama pembeni.

Tulipofika Mji wa Kale, pikapu ikasimamishwa mbele ya ghala, trela likiwa nyuma yake, mbao zikawekwa za kupandishia. Mume wangu alikuwa ameshapanga kuiingiza motokaa kichwa mbele, kwa sababu injini ndiyo yenye uzito. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mlango, tulivu, ya mtu asiyezoea kukatiziwa.

"Fundi wangu, nina ombi. Marehemu kazaliwa nyumba hini, kakulia nyumba hini. Motokaa yake isitoke ikaipa nyumba kisogo. Naitoke ikiitazama."

Asiyelelewa kwetu ataona ni kichekesho. Sisi tulifundishwa tungali wadogo kwamba ukiaga wakubwa huwageuzii mgongo. Unarudi kinyumenyume, macho chini, mpaka uufikie mlango. Kwa hivyo hakuna aliyecheka. Makuli walisema ni kweli, jirani mmoja aliyekuwa akipita akasema huo ndio ustaarabu. Mimi nilimtazama mume wangu. Nilijua kwamba motokaa ikitoka uso umeielekea nyumba, injini itakuwa mkiani mwa trela, na muhogo utakuwa upande ule ule uliouangusha mwiko. Yeye ndiye aliyenifundisha. Akatazama chini, akajikuna shingo.

"Haya, Bibi," akasema.

Mimi sijawahi kuambiwa "haya" ya namna ile. Wakaisukuma kinyumenyume juu ya mbao, akaifunga kamba, akatia kabari kwenye magurudumu, akapitisha mnyororo chini ya kulabu, yote kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba mafundo mazuri yataiponya kazi iliyoharibika tangu mwanzo. Mjane alikwisha kutangulia kwa gari la nduguye.

Vichochoroni tulikwenda mwendo wa kinyonga na hakukuwa na shida. Tulipoipita Ngome barabara ikawa pana, akaongeza mwendo kidogo, na trela likaanza kukata viuno. Mwanzo taratibu, kulia, kushoto, kama mwanamke anayejipitisha. Halafu likazidi. Mkia wa pikapu ukawa unavutwa huku na huku, makuli nyuma wakawa wanamwita Mungu, nami nikashika dirisha kwa mikono miwili. Hakukanyaga breki. Aliuondoa mguu kwenye mafuta pole pole, akaushika usukani sawasawa, akaliacha likachoka lenyewe mpaka likatulia. Tukasimama chini ya mti. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kidevuni.

"Wajua ni kwa nini," nikamwambia.

"Najua."

"Ulijua tangu kule."

"Nalijua."

"Basi mbona ukafanya?"

Alikuwa akiutazama usukani. "Ni mjane," akasema. "Sikuweza kumkatalia."

Hasira ikanipanda. Kumbe ili nisikilizwe lazima nifiwe kwanza, na wa kunifia ni yeye! Nilitaka kumwambia hivyo, nikaona makuli wameshaweka masikio dirishani.

"Igeuze," nikasema.

"Atakasirika."

"Na ikipinduka atafurahi?"

Akashuka. Waliiteremsha motokaa kwa mbao, wakaizungusha pale barabarani huku mimi nikiwazuia wapanda baiskeli kwa mkono, kisha wakaipandisha tena kichwa mbele. Aliisogeza kidogo kidogo, akirudi kila mara kutazama springi za pikapu, mpaka zikabonyea kiasi alichokitaka. Kamba hakuzifunga kwenye bampa. Aliingia chini akazifunga kwenye ekseli, akazipishanisha, kwa sababu bodi hucheza juu ya springi zake na kamba hulegea. Tulipokwenda hatua chache akasimama tena, akashuka kuzikaza. Nilimwona amelala chali barabarani, mikono imejaa grisi, amesahau kwamba niko. Nilimpenda sana wakati ule, na hilo likaniudhi zaidi.

Safari iliyobaki trela lilitufuata kwa adabu. Kizingo kulikuwa kimya, hata kunguru wake nilidhani wanalia kwa sauti ya chini. Mjane alikuwa barazani, amejitanda leso, na kwa mara ya kwanza nikamwona uso. Hakuwa mzuri kunishinda. Ningeona nafuu kama angekuwa. Alikuwa na mwanya, na macho ya mtu anayesikiliza.

"Fundi," akasema, "mbona yaja ikitutolea mato? Sikukuomba mimi?"

Nilikaa sawasawa kitini. Hapa ndipo nilipokuwa napangojea. Nilitaka mume wangu aniangushie mimi lawama, nipate sababu ya kugomba. Au amwombe radhi kwa unyonge, nipate sababu ya kumdharau.

"Uliniomba, Bibi," akasema mume wangu. "Na halikuwa ombi la kukubaliwa. Uzito ukikaa nyuma trela lapinduka. Kidogo tungewamaliza watu."

Nikasema moyoni, sasa mtaona. Mwanamke aliyezoea kuitikiwa "haya" ameambiwa hapana mbele ya makuli.

Akacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. "Na wewe mbona hukunambia palepale? Mambo ya magari mimi nayajulia wapi? Siku nyengine ukinisikia nasema upuzi, nikataze." Na mume wangu naye akacheka, kicheko cha kifuani, chenye pumzi. Nilikuwa nimekisahau. Alikuwa akikicheka zamani, tulipokuwa wapya.

Wivu niliokuja nao ulikuwa mdogo, sasa naujua. Nilikuwa nikimwogopa mwanamke asiyeweza kukataliwa. Huyu alikatazwa, wakaishia kucheka wote wawili. Nyumbani kwetu neno "hapana" likishatoka, hula nasi na kulala nasi juma zima.

Alinikaribisha kwa heshima, "Karibu, dada, kiti hiki hapa," akanimiminia kahawa mimi kwanza kabla ya mtu mwingine, akanisogezea halua, akaniuliza habari za wazee wangu mmoja mmoja. Adabu zake hazikunipa pa kushika. Niliila ile halua shingo upande, na ilikuwa nzuri, ya lozi na zafarani.

Tulirudi na trela tupu, lagonga kila shimo. Mume wangu alikuwa akipiga mbinja. Barabara ilikuwa nyeupe, na jua lilikuwa limeanza kutuchoma miguuni kupitia kioo.

"Utamuowa?" nikamuuliza.

Mbinja ikakatika. Nilitaraji aniambie nina wazimu, au anigombeze, au ale yamini kwa mamake. Lolote kati ya hayo ningelipokea. Yeye alifikiri. Nilimwona akifikiri, kwa uaminifu kabisa, kama anavyoisikiliza injini.

"Yeye hajataka," akasema.

Ngome ilikuwa imeanza kuonekana. Nikamwambia asimame, nashuka, nitakwenda kwa miguu. Akapunguza mwendo taratibu asilitikise trela, akaiweka pikapu pembeni, akanyoosha mkono akanifungulia mlango.