Shati la Papa Miguuni Pangu

Nilipokuwa mtoto mwenye miguu mirefu kuliko akili, blanketi langu la vipande vya vitenge lilinishinda. Nikifunika kichwa, miguu inabaki nje kama ya mbuzi wa kuuzwa. Nikifunika miguu, mbu wa Kalemie wanakula uso. Na hapo nilikuwa nimeshapewa kitanda cha watu wakubwa!

Kwetu blanketi la mtoto halitupwi, linaongezwa. Kila mtu wa nyumba anatoa kipande cha nguo aliyoivaa, kinashonwa pembeni, na joto lake linamlinda mtoto. Lakini aliye hai tu. Nguo ya marehemu ukiishona humo, mwenyewe atakuja kuidai.

Nkambo, bibi yangu mzaa Papa, alitoa kitenge chake chenye picha za kuku. Mama akatoa blauzi. Ukabaki upande wa miguuni, upande wa Papa.

Papa alikuwa amepanda milimani, huko Pepa, kununua maharagi, vita vikafunga barabara nyuma yake. Mvua zikaja, zikaisha, zikaja tena. Mtu mmoja aliyetoka huko kwa miguu alisema ameona baiskeli yake porini, bila mwenyewe. Tangu hapo Nkambo alitaka tukae matanga, amlilie mwanawe. Mama alikataa. Walikuwa wanakula sahani moja bila kutazamana.

Basi mchana mmoja, dagaa zimeanikwa uani, Mama akatoka na shati la Papa la Jumapili. Akaketi mkekani, akachukua mkasi. Kra! Mkono ukaanguka.

Ungo ukamtoka Nkambo mikononi.

"Mama Kalume! Unafanya nini?"

"Naongeza blanketi ya mutoto."

"Na nguo ya mufu?"

"Ya bwana yangu."

"Atakuja kuidai! Atamubeba huyu mutoto, unasikia?"

"Kalume," Mama akaniambia, "nipe uzi."

Nilimpa. Ningefanyaje? Alishona mpaka mwisho, na Nkambo pembeni akimwomba Mungu na mababu kwa zamu, asije akamkosa mwenye zamu ya kazi.

Tangu siku hiyo nililala mgumu kama ubao. Mama hakung'oa vifungo vya shati, kwa hiyo vilinigusa vidole vya miguu, baridi, kama mtu anayebisha hodi. Na Mama mwenyewe aliacha kitanda chake, akawa analala kwenye mkeka, kati yangu na mlango.

Kisha akaja.

Ilikuwa saa sita mchana, Nkambo anasonga bukari, ugali wetu. Langoni pa ua akasimama mwanamume mwembamba, ndevu tele, suruali imefungwa kwa kamba, kifua wazi. Akajikunja, mikono kifuani, kwa sababu mwana mwenye heshima hasimami uchi wa kifua mbele ya mama yake.

"Mama, usiniangalie hivi," akasema. "Nipeni kwanza shati yangu."

Yesu wangu! Nkambo alimrushia mwiko, na bukari ikafuata.

"Chukua shati! Mutoto achia!"

Mimi nilikuwa nimeshafika chini ya kitanda. Humo, kupitia mlango ulio wazi, niliona miguu ya Mama ikitoka kisimani, nikaona ndoo ikianguka. Alimshika Papa mkono, akaubonyeza kama anayekagua samaki sokoni.

"Iko na joto," akasema. Ndipo akalia.

Papa aliingia nyumbani amejitanda blanketi langu, ambalo Mama alimtolea, maana shati lake lilikuwa limeshonwa humo. Nkambo alimfuata nyuma akimpangusa bukari mgongoni, analia, anamtukana, anamwita mufu mpumbavu.

Kisa hiki nakisimulia kwenye jukwaa, na watu huanguka kutoka vitini pale mwiko unaporuka. Sehemu inayofuata siisemi.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza Mama kama alijua kwamba Papa yu hai.

"Hapana."

"Sasa kama angekuja mufu?"

"Mulisema mwenye nguo atakuja kuidai. Mimi nilitaka aje."

Nilishtuka kuliko siku ile. Miaka yote nilidhani kati ya wale wawili, Nkambo ndiye aliyeamini na Mama ndiye aliyedharau. Kumbe! Mama aliamini kupita wote, na chambo chake kilikuwa miguu yangu.

Nikakumbuka ule mkeka kati yangu na mlango. Nilidhani ananilinda tu. Alikuwa amejilaza mahali ambapo mgeni, awe hai awe mfu, angemkuta yeye kwanza.