Wiki ya Wazazi katika Nyumba ya Nafuu

Siku yangu ya kwanza kazini nilinyimwa hamira.

Nilikuwa nimeajiriwa kuwa mpishi katika nyumba ya upataji nafuu ya vijana, kilimani upande wa Ujiji, mahali ambapo ukisimama barazani unaliona ziwa lote hadi milima ya Kongo. Kwa wasiojua, nyumba ya upataji nafuu ni mahali ambapo mtu aliyetekwa na kilevi hulala, hula na kutibiwa kwa miezi kadhaa, akiwa mbali na vijiwe vyake. Yetu ilipokea wavulana na wasichana ambao hawajafika miaka ishirini, kila upande na bweni lake. Mimi ni mtu wa Buzebazeba, nilizoea kupika kwenye harusi. Asubuhi ile nikaingia jikoni, nikakuta unga, sukari na mawese, lakini hamira hakuna. Nikaambiwa imo kwenye kabati la dawa, kwa Muuguzi Mkuu.

"Shikamoo, Mama. Naomba hamira ya maandazi."

"Marahaba. Kijiko kimoja. Weka saini hapa."

Nikadhani ananitania. Akanieleza, wala hakucheka, kwamba mtoto akipata hamira, sukari na ndoo yenye mfuniko, baada ya siku chache ana pombe chini ya kitanda. "Na kungumanga iko kwangu pia, maana nyingi inalevya," akaongeza. "Pilau yako ya Ijumaa tutaila bila kungumanga." Nikarudi jikoni nimekishika kijiko changu kwa mikono miwili, na wasichana wawili wa zamu ya jikoni wakanicheka hadi mmoja akakaa sakafuni. Nami nikacheka. Kuanzia siku ile wakaniita Mama Jiko, na jina hilo halikunitoka hata nilipopandishwa cheo.

Jikoni ndiko nilikojifunza kazi. Kila mtoto alikuwa na zamu, na mikono ikiwa inachambua mchele, mdomo hufunguka wenyewe. Pale ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza neno arosto, yaani mateso ya mwili unapodai kilevi ulichozoea: jasho, tumbo kukatika, mikono kutetemeka. Muuguzi Mkuu alinifundisha kuwa arosto ya pombe kali inaweza kuua, ndiyo maana waliozama kwenye gongo walipitishwa hospitali kwanza, kisha wakaletwa kwetu. Nilijifunza pia kuhusu vichocheo. Kichocheo ni kitu chochote kinachoamsha hamu: harufu, wimbo, rafiki fulani, hata njia fulani ya kurudi nyumbani. Tulikuwa na kijana ambaye kichocheo chake kilikuwa harufu ya dagaa wanaoanikwa, kwa sababu alivutia bangi mwaloni, pale ufukweni samaki wanaposhushwa. Hebu fikiri, dagaa, Kigoma! Tulimfundisha kutembea mwaloni kidogo kidogo, leo hatua hamsini, kesho mia, kama mtu anayejifunza kuogelea.

Mkurugenzi wetu wa kwanza alikuwa Muha wa Kasulu, mrefu, mwenye kusalimia watu "Mwakeye", salamu ya asubuhi ya Kiha, hata jua likiwa linazama. Siku moja alisimama mlangoni mwa jiko, akasikiliza kwa muda, kisha akaniita pembeni.

"Washauri wangu wana vyeti, na watoto wanawajibu 'ndiyo' na 'hapana'," akasema. "Wewe una ungo wa mchele, na wanakupa habari nzima. Utakwenda kusoma."

"Mkurugenzi, mimi umri umekwenda."

"Hata mimi. Nani atapika, hilo niachie mimi."

Nikaenda kusoma ushauri nasaha, nikiwa mkubwa kuliko mwalimu. Niliporudi nikawa mlezi wa zamu, nikiandika daftari la bweni la wasichana: nani kala, nani kalia, nani kachekesha wenzake. Baada ya miaka kadhaa nikafanywa Mratibu wa Familia, na hiyo ndiyo kazi niliyostaafu nayo.

Mratibu wa Familia alisimamia jambo lililotuletea ugomvi kuliko yote, wiki ya wazazi. Kanuni ilikuwa kwamba hakuna mtoto anayeruhusiwa kurudi nyumbani mpaka mzazi au mlezi wake aje kukaa nasi siku saba. Ataamka kwa kengele, ataosha sahani yake, na kila alasiri atakaa kwenye duara pamoja na mtoto wake na familia nyingine, kila mtu aseme lake bila kukatizwa. Wazazi wengi waliona kama tunawaadhibu. Na hakuna aliyebisha kama Baba Furaha.

Furaha alikuwa msichana wa Rusimbi, miaka kumi na sita, mcheshi, hodari wa kuiga sauti za watu. Alikuja kwetu kutoka hospitali baada ya kuokotwa njiani amelewa gongo, hajitambui. Miezi mitatu akaimaliza vizuri. Mama yake alikuwa amefariki zamani, amebaki na baba tu, fundi wa mashine za boti ambaye ukoo wake ulitoka ng'ambo, Kongo. Tukampigia simu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwisho akaja mwenyewe asubuhi moja, na ovaroli lake la kazi, kumchukua mwanawe.

"Mama, mugonjwa ni mutoto," akaniambia kwa lafudhi ya kwao. "Mimi nikitengeneza mashine, mwenye boti halali kwenye karakana yangu."

"Lakini akija kuichukua, si unamwambia namna ya kuitunza?"

"Namwambia."

"Basi na sisi tunataka kukwambia."

Hakutaka kusikia. Akasema anaondoka na mtoto saa hiyo hiyo, na kisheria alikuwa baba; tusingeweza kumzuia. Furaha alisimama kwenye korido na begi lake, uso umekufa. Nami nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba akitoka vile, hamalizi mwezi bila kunywa.

Siku hiyo pampu ya maji ilikuwa imekufa, na watoto walikuwa wanapanda kilima na madumu. Nikamwambia, "Baba Furaha, kabla hamjaenda, hebu tuangalizie pampu yetu." Fundi ni fundi. Akavua saa, akapiga magoti, akaifungua. Kisha, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma na kusema, "Kumi na tatu." Furaha akaweka begi chini, akachagua spana kwenye mkoba wa baba yake, akampa. "Kumi." Akampa. Walifanya hivyo karibu saa nzima. Baadaye Furaha akaanza kumwiga baba yake anavyoitukana mashine, na mzee akacheka hadi spana ikamtoka. Maji yalipotoka, watoto wakapiga makofi. Chakula kilikuwa tayari, ugali na samaki wa migebuka kwa mawese, naye akala. Baada ya chakula kengele ya duara ikalia, na akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, pengine kwa kushiba tu.

Zamu ya Furaha ilipofika, alisema kwa sauti ndogo, "Nilianza kuonja nikiwa na miaka tisa."

"Nani alikupa?" akauliza mama mmoja, kwa hasira.

Furaha akamtazama baba yake. Baba yake akaangalia mikono yake, bado ina grisi.

"Mimi," akasema. "Nilikuwa namtuma gongo. Namwambia aonje kwanza, nijue kama wameongeza maji. Niliona ni mchezo. Tulikuwa tunacheka."

Furaha akainuka, akavuka duara, akasimama nyuma ya kiti cha baba yake, akamwekea mkono begani. Nimekaa kwenye maduara mengi, lakini siku hiyo ilibidi nitoke nje nikajifute uso na kanga.

Baba Furaha alikaa siku zote saba. Siku ya pili alimwendea Muuguzi Mkuu akauliza kama na yeye anaweza kupata kitanda. Muuguzi akamjibu kuwa vitanda vyetu ni vya watoto, kisha akamwandikia barua ya kliniki ya watu wazima na kumsindikiza mwenyewe. Waliacha pombe kwa pamoja, baba na binti. Nisiwadanganye: Furaha alirudia. Kurudia ni mtu kuangukia tena kilevi baada ya kupata nafuu, na katika kazi yetu hakuitwi jambo la aibu. Lakini safari hii hakuokotwa. Alikuja kwa miguu yake siku ya pili yake, amejitwisha godoro kichwani, baba yake nyuma amebeba nguo za wote wawili. "Mama Jiko," Furaha akasema, "tumekuja kuanza upya." Leo ana karakana yake Kigoma mjini, na wavuvi wanapanga foleni.

Nimestaafu sasa. Ninyi vijana mnaoingia kazi hii mna elimu kubwa kuliko yangu, na ni vizuri. Niliwazomea wazazi wengi miaka yangu ya mwanzo, nikidhani hawajali. Ilinichukua muda kuelewa kwamba wengi walikuwa wanaona aibu, na mtu mwenye aibu hujifanya mkali. Ningeanza upya, ningewapa kazi ya mikono mapema zaidi.

Wiki iliyopita bajaji ilisimama mlangoni kwangu. Akashuka mama mmoja na binti yake, kofia imeshushwa hadi machoni, hatamki neno. Mama akanisalimu, akalia kidogo, akaeleza yote. Mwisho akauliza, "Sasa mama, nimpeleke lini?"

"Leo. Na wewe ukafungashe nguo zako za siku saba, uziweke tayari."

Akanitazama. "Na mimi?"

"Na wewe. Na sahani utaosha mwenyewe."

Binti akainua kofia, akamwangalia mama yake, na akaangua kicheko. Mama akageuka taratibu kumtazama, kama mtu aliyesikia sauti anayoijua ikimwita kutoka mbali.