Namba Iliyozidi Ikarudi

Kwa wifi yake, Fundi Kompyuta hakuwa na jema. Akipika, chumvi imezidi, akinyamaza, anaringa. Na kwa kuwa yeye na mumewe walikaa vyumba viwili vya uani kwa huyo wifi, ilibidi ameze tu. Mtu kakupa paa, utamwambia nini?

Sasa wifi akagombea uenyekiti wa chama cha mafundi cherehani. Chama, kisichojua vita vya uani, kikamwajiri huyohuyo Fundi awaonyeshe wanachama kura ukutani kwa projekta, kila kisanduku kikimalizwa kuhesabiwa. Katibu alitaka mbwembwe. "Namba zisibadilike hivihivi tu. Zipande, watu wasisimke."

Basi Fundi akaziandikia programu kwa JavaScript, lugha ya kompyuta inayochezesha vitu kwenye skrini. Kutoka jumla ya zamani hadi mpya, namba ilipita hatua ndogondogo, ikianza mbio, ikizidi mwisho wake kidogo, kisha ikirudi na kutulia, kama mlango wenye springi. Ofisini kwake Fundi kila tangazo la mtandaoni lina mwendo huo, na hakuna aliyewahi kuuliza namba imerudi kwa nini. Kura si tangazo, lakini hilo halikumjia kichwani.

Kisanduku cha mwisho kikaingizwa. Namba ya wifi ikapaa, ikampita mpinzani wake, vigelegele vikajaa ukumbi, wifi akasimama mikono juu. Halafu, mbele ya macho yao wote, ikashuka. Ikatulia chini ya mpinzani kwa kura tatu.

Wifi hakupiga kelele. Alimgeukia Fundi pale mezani, akasema taratibu, ukumbi mzima ukisikia, "Nilijua. Nimefuga nyoka uani kwangu, leo kaniuma mchana kweupe."

Karatasi zikahesabiwa upya. Zilezile, tatu pungufu. Nani alijali? Watu wazima, wanaopima kiuno cha mteja kwa utepe bila kukosea, wakazikataa karatasi walizozishika kwa mikono yao, wakauamini ukuta. Ukishapewa jina la mwizi, hata kikohozi chako ni ushahidi.

Walipofika nyumbani, godoro lao lilikuwa limeshatolewa nje, limeegemezwa ukutani. Mumewe akajikalia juu ya ndoo, akampa Fundi mgongo, na mgongo huo ulimchoma kuliko tusi la wifi.

"Wewe unanijua," Fundi akamwambia. "Nenda kaongee na dada yako."

"Niongee nini? Mimi mwenyewe niliiona ikizidi."

Fundi akafungua kompyuta palepale, akaiweka magotini mwa mumewe. "Haya, tazama. Jumla ni ileile tangu mwanzo. Inazidi kwa urembo tu, kisha inarudi mahali pake."

Akabonyeza. Namba ikapanda, ikapita, ikarudi, ikatulia. Mume akaitazama mpaka mwisho, kisha akamtazama mkewe.

"Ndiyo," akasema. "Hapo ndipo ulipoishusha."