Mwenye Mataji Mengi

Dada akija kunitembelea, kanga yake huleta harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha. Naikumbuka mashine yetu ya kumenyea kahawa kule Mbinga: yeye akizungusha mpini, mimi nikimimina kahawa mbivu, tukibishana kuhusu magwiji wawili wa mpira wa kikapu.

“Wangu ana mataji mengi!” nilijigamba.

“Wako alikuwa na watu wa kumpasia, mdogo wangu. Wangu alibeba timu peke yake.”

“Kinachohesabika ni mataji!”

Baba akatoka ndani, akasema mavuno yale yangesomesha mmoja wetu tu.

“Aende huyu, Baba,” dada akajibu, bila kusimamisha mashine.

Nikakimbia kunawa mikono, dada asije akabadili mawazo.